Ufunguo Mmoja, Kompyuta Mbili

Tangini, Kibaha
9 Machi 2024

Mdogo wangu Seif,

Salamu zikufikie wewe, mama, na yule jogoo wako anayewika saa nane mchana kama mlinzi aliyechelewa lindo. Sisi huku tunakwenda. Shamsia anawasalimu, goti lake limepoa, na mwezi ukiandama wiki hii atafunga bila kulalamika, tofauti na mumewe. Mimi nimeongezeka tumbo. Wanafunzi wameanza kunichora ubaoni, na nakiri wanapatia.

Marehemu baba alitufundisha kwamba barua huanza hivi: mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Safari hii geuza mwenyewe. Mzima ni wewe, hofu na mashaka viko huku Tangini, sebuleni kwangu, juu ya meza.

Utauliza kwa nini nakuandikia kwa mkono wakati simu zipo. Subiri nikueleze, kisha uamue mwenyewe kama nimezeeka au nimeogopa. Barua hii anakuletea dada yetu Mwanamkuu, chini ya kikapu. Jibu mpe yeye atakapoleta mananasi hapa sokoni Mailimoja.

Mwishoni mwa mwaka jana nilinunua kompyuta, mtumba wa Dar, ili nichape mitihani nyumbani nisigombanie ile moja ya shule. Fundi wangu ni Shija, Msukuma wa mtaa wa pili, mtani wangu wa kufa na kuzikana. Aliweka programu zote. Mimi nikajitia ubingwa, nikamwambia aiweke kwa Kiswahili, mwalimu wa Kiswahili siwezi kusemeshwa Kiingereza na sanduku. Ilipowaka ikauliza jina la mwenye kompyuta. Shija akaniachia kibodi akaenda kunywa maji.

Sasa Seif, unajua huku naitwa nani. Shuleni mimi ni Mwalimu Seif, benki Seif, msikitini Seif. Wewe, mama, Mwanamkuu na Shamsia, ninyi wanne tu ndio mnajua kwamba Seif ni wewe, na mimi ni Abdala niliyefeli darasa la saba mwaka 1984 nikarudia shule nyingine kwa jina lako. Lakini siku ile nilikuwa peke yangu, nimevaa msuli, hakuna mkaguzi wala mwajiri. Vidole vikaandika: Abdala Mwinyijuma. Sikuwa nimeliandika tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilikosea hata herufi, mwalimu mzima, nikarudia.

Jumanne iliyopita nimeiwasha, ikaniambia hivi, nimenakili neno kwa neno: "Abdala, leseni yako haijathibitishwa. Huenda unatumia nakala isiyo halali."

Sikuizima kistaarabu. Nilichomoa waya ukutani.

Najua utacheka. Na mimi nilijaribu. Lakini ndani yake mna mitihani yote ya Mwalimu Seif, na juu yake limeandikwa jina la Abdala, na chombo hicho kinaongea na mtandao, na sijui mtandao unaongea na nani. Unakumbuka mwaka ule wa uhakiki wa vyeti? Wenzangu wawili waliondoka shuleni hata chaki hawakurudisha. Mimi nilipita kwa kuwa mtihani niliufanya mwenyewe na cheti ni cha kweli. Cheti changu hakina kasoro, Seif. Mwenye cheti ndiye nakala.

Nijibu hili moja: kuna mtu yeyote amefika huko kuuliza majina yetu?

Kaka yako

*

Kijijini, Kisarawe
2 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, miguu tu. Anasema ule daku, usijifanye kijana. Mvua ni nyingi, mihogo ya bondeni imeanza kuoza. Jogoo tumemla.

Barua niliipata, imelowa juisi ya nanasi, lakini maneno yote niliyaona. Mambo ya kompyuta siyajui. Leseni ninayoijua mimi ni ile ya baiskeli ya baba. Ilipokwisha, baba akimwona askari kwa mbali anaingia porini na baiskeli begani, anatokea upande wa pili kachanwa na miiba. Hakukamatwa. Lakini baiskeli yenyewe aliipanda mara chache kuliko alivyoibeba.

Umeuliza kama mtu amefika huku kuuliza majina. Hajafika mtu. Mimi ndiye niliyekwenda mahali nikaulizwa jina. Hilo refu, na funga imenikaza. Tutaongea siku nyingine.

Kompyuta ukiiogopa iuze.

Seif

*

Tangini, Kibaha
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Seif,

Mkono wa Idi. Sisi tulisherehekea hivyo hivyo. Pilau la Shamsia liliungua chini na mimi nilipewa ule ukoko kwa heshima ya mkuu wa nyumba. Poleni na mvua. Huku nayo imebomoa choo cha jirani, tunakaribishana.

Sasa wewe bwana. Barua yako nzima nimeielewa isipokuwa mstari mmoja, na huo ndio nilioushika. Ulikwenda wapi ukaulizwa jina? Ulijibu nini? Mtu hawezi kumwandikia mwoga kama mimi neno kama hilo, kisha akasingizia funga.

Kompyuta nilijikaza nikaiwasha tena. Kioo kikawa cheusi tii. Yale maua niliyoweka hayapo. Pembeni maneno meupe: "Ufunguo huu tayari unatumika kwenye kompyuta nyingine." Kila baada ya saa moja inajizima yenyewe na kujiwasha, kama mtu anayetoka nje kuchungulia kama wamefika. Shamsia ameifunika kanga. Anasema afadhali tusitazamane nayo.

Nikamwita Shija. Akaja anacheka. Akaniambia Mzaramo akinunua kompyuta lazima aite mganga. Nikamjibu kwamba mganga ningemwita, ila aliyeiharibu ni mchunga ng'ombe. Tukamaliza utani, akakaa, akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Hizi programu kila moja inauzwa na ufunguo wake, mstari wa herufi na tarakimu. Ufunguo mmoja, kompyuta moja. Wenye programu wanaweka daftari lao huko waliko. Shija alinunua ufunguo wa haki kabisa kwa ajili ya Nathan, kijana mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi kule Magindu. Halafu alipokuja kwangu akatumia huo huo, akiamini Magindu ni mbali. Daftari limetuona wawili tuna jina moja.

Nilimwuliza wanajuaje yupi ni wa kweli. Akasema, "Aliyetangulia kujiandikisha, mwalimu. Huyo mwingine hata kama ndiye mwenyewe, ataambiwa mwizi."

Alikuwa anaongelea kompyuta. Mimi niliomba radhi nikaenda nyuma ya nyumba.

Shamsia hakunisaidia. Jioni ananipakulia, ananiambia, "Mimi niliolewa na Seif nikazaa na Abdala, na talaka sijapewa na yeyote. Hiyo kompyuta iulize kama ndoa yangu imethibitishwa." Nilicheka, na yeye akacheka, kisha tukaacha kucheka kwa pamoja.

Na hili ndilo la kuogopesha zaidi. Ijumaa mkuu wa shule ametutangazia kwamba taarifa za watumishi wote zitalinganishwa upya na za vitambulisho. Akasema, kama vile anatangaza zamu za usafi, kwamba majina yatakayoonekana mara mbili yatapelekewa fomu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nimekiweka chini kwa mikono miwili.

Niambie ulikwenda wapi.

Kaka yako

*

Kijijini, Kisarawe
30 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama aliugua mwezi wa tano, sasa anatembea mpaka mlangoni. Idi ya kuchinja tulipewa nyama na jirani. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Nimechelewa kujibu. Mwanamkuu amekuja mara tatu akiuliza barua nikamwambia sijamaliza. Nilikuwa sijaanza.

Ni hivi. Mashamba huku yanapimwa, kila mtu apewe hati ya eneo lake. Shamba la mama na mikorosho yote wamesema liandikwe kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye ninayelima. Wapimaji wanataka kitambulisho. Mimi ninayo kadi ya kura tu, na laini yangu ya simu ni ya Mwanamkuu. Mwezi wa pili nikaenda mjini nikapanga foleni. Nilikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Nikataja jina langu, la baba, la mama, mwaka 1972, kijiji.

Yule binti wa dirishani alichapa, akatazama, akachapa tena. Kisha akageuza kile kioo nikione. Ulikuwa wewe. Umevaa tai.

Akaniambia, wala si kwa ubaya, "Baba, Seif Mwinyijuma ndiye huyu. Wewe ni nani?"

Watu nyuma yangu walikuwa wanasikia. Nikasema nitarudi. Nikatembea mpaka nyumbani, sikupanda gari.

Mwanamkuu anasema nichukue jina lako kwa kuwa liko bure halijatumika. Sitaki. Sikukwenda sekondari, sikukwenda popote, nimekaa huku huku na baba mpaka alipokufa. Jina ninalo hilo moja.

Wapimaji wanafunga kazi mwisho wa mwezi wa tisa. Shamba lisilo na mwenye kitambulisho litaandikwa la kijiji mpaka atokee mwenyewe.

Sikuambii ufanye nini. Mwalimu ni wewe.

Seif

*

Tangini, Kibaha
14 Julai 2024

Ndugu yangu Seif,

Mpe mama pole. Shamsia amemtumia mafuta ya kuchua, yamo kwenye kikapu, ya kupaka si ya kunywa; chupa haina karatasi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, sebuleni. Nikakaa, nikaisoma tena. Nitakueleza yaliyonipata, na usiniache katikati hata nikikuudhi.

Wiki moja kabla ya barua yako, Shija alinipa dawa. Alisema ipo namba ya simu ya wenye programu. Ukipiga watakuuliza ufunguo, kisha watakuuliza ile kompyuta nyingine iko wapi. "Sema imekufa," akaniambia. "Ukisema imekufa wanakupa wewe." Nikamwuliza kama hawaji kuhakikisha. Akasema nani aje mpaka Magindu kuangalia maiti ya kompyuta.

Nikapiga. Nikasomea mashine tarakimu mpaka koo likakauka, halafu akaja mtu, mwanamke mpole. Akauliza. Nikamwambia imekufa. Seif, sauti haikutetemeka. Mimi ambaye mbele ya darasa la nne nababaika nikisema kalamu zangu zimeibwa wakati nimezisahau nyumbani. Nikasema imekufa, akanipa pole. Akanipa tarakimu nyingine, nikachapa, kioo kikawaka na maua yangu yakarudi. "Abdala, leseni yako imethibitishwa." Haikufika dakika moja.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwanzo nilikuwa naogopa kukamatwa. Sasa nikaogopa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kwa sababu kesho yake nilipewa fomu shuleni. Ina ukurasa mmoja. Swali la sita linauliza: je, unamfahamu mtu mwingine mwenye majina na taarifa kama zako? Swali la saba: kama ndiyo, yuko wapi, yu hai au amefariki?

Nilikuja nayo nyumbani. Nimekwambia usiniache katikati. Nilichukua penseli, ili niweze kufuta, hata uovu wangu ni wa kimwalimu. Kwenye swali la saba niliandika herufi tatu, A, M, E. Nikasimama hapo. Sikufuta na sikuendelea. Nikaikunja fomu nikaiweka chini ya kibodi, na kila siku nilipokaa kuchapa mitihani ilikuwa chini ya mikono yangu.

Siku ya tatu Nathan akatokea kwa Shija na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na mimi nilikuwa nimekaa pale nje. Kompyuta yake kule Magindu imekuwa nyeusi. Imemwambia ufunguo wake si halali. Watu wana fomu zao za mikopo na vyeti vya watoto vya kutoa kopi, wamejazana dukani, wanamwita tapeli. Na risiti ya ufunguo anayo, ameikunja kwenye kava la simu. Alituonyesha. Alikuwa anatushika mikono, mara mimi, mara Shija, anasema, "Mimi ndiye niliyenunua, mwalimu. Mimi ndiye mwenyewe. Sasa nimwambie nani?"

Shija hakuwa na utani siku hiyo. Alitazama viatu vyake. Mimi nikamwambia Nathan kwamba aliyesema kompyuta yake imekufa ni mimi. Alinitazama kama hajaelewa Kiswahili. Tukapiga ile namba tena, watu watatu tumeinamia simu moja, nikaeleza, safari hii sauti ilitetemeka sawasawa. Ilichukua siku nne kumrudishia. Kusema imekufa dakika moja, kusema iko hai siku nne na maelezo mawili ya maandishi.

Yangu sasa ni nyeusi tena. Nimeirudisha kwenye boksi.

Barua yako ilinikuta hapo. Jumatano nilifuta zile herufi tatu, nikachukua kalamu ya wino, nikaandika: "Yu hai. Yuko Kisarawe. Jina ni lake tangu kuzaliwa. Mimi ni kaka yake Abdala." Nikampelekea mkuu wa shule. Aliisoma, akaisoma, akaniuliza kama nina homa. Kisha akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hilo linaweza kunitoa kazini, na linaweza kunipeleka mbali zaidi ya hapo, na kwamba fomu tupu anazo nyingine kwenye droo. Nikamwambia ahsante, apeleke hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo gari likisimama nje nahesabu milango inayofunguliwa. Nafundisha ngeli huku natazama dirishani. Shamsia amenikunjia nguo mbili kwenye mfuko, ameuweka nyuma ya mlango.

Watakuja kwako kukuuliza. Usinitetee. Sema ukweli wote, na wewe uchukue kilicho chako.

Kuna jambo nilitaka kuongeza hapa lakini karatasi imekwisha.

Abdala

*

Kijijini, Kisarawe
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Kaka Abdala,

Shikamoo. Mafuta yamemfaa mama, sasa anakwenda mpaka kisimani kunisimamia. Korosho mwaka huu zitakuwepo.

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Nyuma kulikuwa kweupe.

Walikuja jana, mwanamume na mwanamke, na gari lenye namba za serikali. Mimi nilikuwa shambani, mama akatuma mtu kuniita. Nilipoliona lile gari nilidhani wamekuchukua tayari, wamekuja kutuambia. Nikapita nyuma kwanza nikaweka jembe, nikanawa, ili nisiambiwe nikiwa na udongo.

Walikuwa watu wa adabu. Wakakaa mkekani. Wakaonyesha picha yako ile ya tai, wakauliza kama namjua. Safari hii nikasema namjua, ni kaka yangu, tumbo moja. Wakauliza mimi nani. Nikasema jina langu, na mama akasema ndiyo, huyu ndiye Seif, nilimzaa mwaka wa njaa. Yule mwanamke akaandika. Mjumbe wa nyumba kumi naye akaitwa, akasema vile vile.

Halafu yule mwanamume akaweka kalamu chini. Akaniambia maneno haya: "Mzee, sikiliza vizuri. Kuiba jina na kupewa jina ni majalada mawili tofauti. Kaka yako alichukua, au wewe ulimpa?"

Mama alinitazama. Mjumbe alitazama chini.

Nikasema, "Aliniomba, nikampa. Tulikuwa watoto."

Wakaandika. Walisema hawaahidi kitu, kazi yako hawaijui, hayo yako juu ya wakubwa wao. Lakini kwa maneno haya askari hatakuja kwa sasa. Na mimi Jumatatu niende mjini na mama na mjumbe nikaape, kisha nitapigwa picha. Wapimaji nimewaambia, wamesema watanisubiri hiyo wiki.

Kwa hiyo ule mfuko wa nguo mwambie shemeji aufungue.

Lakini kaka, mimi na wewe tunajua hukuniomba. Baba na mwalimu mkuu walimaliza wao wawili, mimi nilikuwa kwenye tanuri la mkaa na miaka kumi na mitatu. Niliporudi ulikuwa umeshavaa sare, unaitwa Seif, na mimi mama akiniita tuliitika wawili. Hukuniomba siku ile, wala ulipopata kazi, wala ulipokuja kumzika baba. Miaka thelathini na tisa nilikuwa nangoja, si kwamba nilikuwa na hasira nyingi, nilikuwa nangoja tu.

Jana niliwaambia uongo kwa mdomo. Jumatatu nitashika msahafu, na msahafu siuwezi.

Mwanamkuu atakuwa Mailimoja kesho, atarudi Jumapili jioni. Niombe. Andika kwa mkono wako, hata mistari miwili, niombe jina. Nimeshaamua kukupa, ulitumie kwa yale yaliyopita yote. Nikiipata barua yako Jumapili, Jumatatu nitaapa kwamba uliniomba nikakupa, na itakuwa kweli. Nitakuwa nilitangulia siku chache tu kuisema.

Ndimi mdogo wako,
Seif Mwinyijuma